Amepumzika Tangu Jumapili

Same,
8 Februari 1987

Mama Eliakunda,

Salamu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikiinuka. Wewe je, na baridi ya huko juu? Hapa joto ni lile lile, mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya simu.

Najua utaniuliza kwa nini sikupanda Krismasi. Kazi, mama. Unaikumbuka korona, ile mashine ya kuchakata mkonge niliyokuonyesha mwaka uliokuja shambani, ukasema inanguruma kuliko mchungaji. Mkonge ukishakatwa lazima upite mashineni siku hiyo hiyo, na mashine haiwezi kuachwa bila fundi. Fundi ni mimi. Meneja hataki hata kusikia neno likizo.

Sasa nikuchekeshe. Nimesajiliwa! Hapa mjini kuna timu ya mpira ya wazee, haingii mtu ambaye hajatimiza miaka arobaini na mitano. Katibu wetu ni Novatus, Mhaya aliyekuwa karani kule shambani, anaongea Kiswahili kama yuko mbele ya hakimu. Kipa ni Hezroni mchinja nyama, tumbo lake peke yake linaziba nusu ya goli. Waliobaki ni Wangoni, Wanyaturu, Wamanyema, watu waliokuja kukata mkonge ujanani wakasahau njia ya kurudi kwao. Mimi nacheza namba tatu, beki wa kushoto. Viatu nimevipata kwenye mitumba, cha kulia kinabana na cha kushoto kinapwaya, sidhani kama mama yao ni mmoja. Siku hizi maduka yamejaa kweli. Miaka mitatu iliyopita tulifulia majani ya mpapai, leo unaulizwa unataka sabuni ya rangi gani, nawe unasimama pale ukiitazama tu.

Jumapili iliyopita Hedaru walitufunga manne. Lakini nilipokuwa natoka uwanjani nilisikia mtu anasema, "Sifael bado yumo." Nilikuwa sijasikia maneno hayo siku nyingi, nikatembea nayo mpaka nyumbani.

Pasaka nakuja, bila kukosa.

Wako,
Sifael


Mamba,
22 Februari 1987

Baba Eliakunda,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa basi, aliikunja ndani ya kofia yake, na harufu ya jasho lake imekuja nayo bure.

Kwa hiyo mwanaume wa miaka hamsini na saba anavaa kaptula mbele za watu siku ya Bwana. Nilimsomea mwinjilisti Daudi. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akakumbuka cheo chake akasema tukuombee. Nakuombea goti kwanza, mengine yatafuata.

Eliakunda ameandika kutoka Arusha, yeye na mumewe hawajambo. Tangawizi imekubali mwaka huu. Zamu yangu ya maji ya ndiva ni Alhamisi alfajiri. Wenzangu huja wawili wawili, mke na mume, mmoja anafungua hilo bwawa na mwingine anasubiri shambani na jembe kuyaelekeza. Mimi nafungua, halafu nakimbia, halafu nashika jembe. Maji hayanisubiri. Yakinitangulia yanamwagikia kwa jirani, naye anashukuru Mungu.

Nina upweke, Sifael. Naandika neno hilo lilivyo ili usije ukasema sikukuambia. Wenye waume Dar es Salaam wana la kujitetea, njia ni ndefu. Wangu yuko nusu siku kwa basi, na mlima akiamka anauona.

Njoo Pasaka. Viatu viache huko huko.

Hedwiga


Same,
26 Aprili 1987

Mama Eliakunda,

Najua Pasaka imepita nami sikuonekana. Nimekaa na karatasi hii siku tatu nikitafuta pa kuanzia. Ijumaa Kuu korona ilivunjika beringi. Nilikuwa nimeshafunga mkoba, meneja akanishika mkono akasema, "Fundi, usiniache." Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Basi pokea salamu badala ya mtu. Timu inaendelea. Jumatatu ya Pasaka tulikwenda Lembeni, Novatus alizungumza na stesheni masta tukapakiwa kwenye behewa la mizigo. Tulitoka sare ya moja kwa moja. Yule winga wao ni mwalimu mstaafu lakini ana mbio za digidigi, nilimfunga kamba dakika zote tisini, muulize mtu yeyote. Wakati wa kurudi tulikula makande ya baridi kwenye ndoo moja, tukaimba nyimbo za kambini. Cha ajabu, taa za Same zilipoonekana wote tulinyamaza. Hakuna aliyetuambia. Nadhani kila mtu alikuwa anakumbuka chumba chake.

Nitakuja mvua zikikatika.

Wako,
Sifael


Mamba,
10 Mei 1987

Baba Eliakunda,

Mashine ilivunjika Ijumaa Kuu, na Jumatatu fundi alikuwa Lembeni anamkimbiza mwalimu mstaafu. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, lakini hii haihitaji hata baraza. Umejitia hatiani kwa mwandiko wako mwenyewe.

Jogoo nilimchinja Jumamosi. Jumapili nilisimama barabarani mpaka basi likapita bila hata kupunguza mwendo. Nikamla na mke wa Lukasi mdogo wako. Paja lako niliweka mpaka Jumanne, halafu nikalila.

Sina la kuongeza.

Hedwiga


Same,
16 Juni 1987

Kwa Mama Eliakunda, Mamba

Shemeji mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naomba nijitambulishe. Mimi ni Novatus, katibu wa timu ya wazee hapa Same na rafiki wa karibu wa mumeo. Hatujaonana uso kwa uso, na ninasikitika kwamba barua yangu ya kwanza kwako imekuwa ya namna hii.

Kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba Mzee Sifael amepumzika tangu Jumapili, tarehe 14. Tulikuwa tunacheza na Mwanga. Dakika ya sitini aliukimbilia mpira wa pembeni, akaanguka, na hakuinuka. Tulimbeba watu wanne mpaka nje ya chaki. Kamati ilikutana jioni ile ile, ikalitazama jambo hili kwa kila upande, na haikuona njia nyingine.

Amepumzika kwa heshima zote. Wachezaji wa timu zote mbili walimpigia makofi, na Hezroni kipa wetu, mtu anayechinja ng'ombe kila siku, alitoa machozi. Alikuwa beki wa kutegemewa na hakuwahi kumtukana refa. Jezi na viatu vyake nimevihifadhi mimi. Namba yake amepewa Tumainieli wa reli, lakini pengo halitazibika.

Shemeji, mimi kwetu ni Bukoba, najua ubaya wa kuwa ugenini. Mtu akifikia hapa hana budi kurudi kwao. Nashauri ndugu waje kumchukua mapema, si vizuri akae hapa peke yake.

Poleni sana.

Wako katika michezo,
Novatus, Katibu


Mamba,
29 Juni 1987

Shemeji Novatus,

Barua yako ilifika Jumamosi tarehe 20. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, ukaitwa, na kabla ya saa kumi kaburi lilikuwa tayari, karibu na migomba, kando ya mama yake. Lukasi na mwinjilisti Daudi walishuka na pikapu ya kukodi kumchukua.

Walikwenda kwanza shamba la mkonge alikokuwa anafanya kazi. Walikuta geti limefungwa kwa mnyororo wenye kutu, na mlinzi akawaambia shamba limekufa huu mwaka wa pili, fundi Sifael aliondoka siku moja na wenzake wote. Hospitali hakuna mwili wa jina hilo. Posta wakasema sanduku lako la barua ni la chama cha wafanyakazi, na ofisi ya chama haina mtu. Petroli ikawa inaishia, wakarudi na mablanketi waliyoshuka nayo. Hawakuwaza kumtafuta marehemu uwanja wa mpira, nami siwalaumu.

Naomba uniambie mmemlaza wapi. Nataka kujua udongo wake uko wapi, basi.

Na kwa kuwa hunijui wala sikujui, nitakuambia wewe jambo ambalo hapa siwezi kumwambia mtu. Siku tisa hizi watu wamejaa kwangu. Wanaleta kuni, wanaimba, wananiita mjane kwa sauti ya upole. Mimi si mgeni katika ujane, shemeji. Nimekuwa mjane wa mtu aliye hai kwa miaka ishirini na minane. Kulala upande mmoja wa kitanda nimezoea. Kula kiporo cha chakula nilichopikia wawili nimezoea. Kilichoniliza si hicho. Kinachoniliza ni kwamba miaka yote nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, nikiamka namkasirikia, nikilima namkasirikia, na hasira ile ilikuwa inanitosha kama mtu wa kukaa naye. Sasa hata huyo sina.

Halafu hili la shamba kufungwa. Miaka miwili hakuwa na kazi, hakuwa na meneja, mlima anauona, na hakuja. Kama ulikuwa rafiki yake wa kweli, niambie kwa nini. Alikuwa na mwanamke? Sema tu. Nitalala vizuri nikijua kuliko hivi nilivyo.

Hedwiga,
mjane wa Sifael


Same,
4 Julai 1987

Shemeji, shemeji!

Mumeo yu hai! Naliandika kwanza kabla ya salamu. Yu hai, anapumua, jana amekula wali.

Sijui niombe radhi kwa lugha gani. Lile "amepumzika" ni neno la mpira! Mchezaji akiumia au akichoka, mwalimu wa timu anampumzisha, yaani anakaa benchi anaingia mwingine. Goti lake lilivimba kama boga, daktari akasema asicheze tena, kamati ikampumzisha. Sisi tunalisema neno hilo kila Jumapili na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kaburi ndani yake. Nilipoandika ndugu waje kumchukua, nilitaka waje wamlete kwako akiwa mzima, maana alijifungia chumbani, haongei, na chakula tulichompelekea tulikikuta pale pale. Nilidhani ninyi mkija atakubali. Miaka thelathini nimekuwa karani bila kosa, na kosa langu la kwanza limechimba shimo la futi sita.

Barua yako nimempa, ni haki yake. Sitakuficha. Ukurasa wa kwanza alicheka, akapiga paja, akaita, "Novatus, wamenichimbia!" Alipofika ukurasa wa pili aliusoma mara mbili. Akaukunja, akautia mfuko wa shati, akatoka nje akakaa kwenye jiwe. Alikaa pale mchana kutwa.

Mwanamke hakuna. Naapa kwa mama yangu. Ana kitanda, jiko la mafuta ya taa, baiskeli za watu anazoziba pancha pale stesheni, na sisi wazee. Yaliyobaki atakwambia mwenyewe.

Kwa aibu kubwa,
Novatus


Same,
5 Julai 1987

Mama Eliakunda,

Ni mimi. Sijui marehemu anaanzaje barua, kwa hiyo salamu nimeziacha.

Shamba lilifungwa Agosti 1985. Tulisimamishwa kwenye mstari, tukasomewa karatasi, tukaambiwa tuondoke. Korona ilizimwa saa nne asubuhi na mimi ndiye niliyeizima. Siku ile ile nilifunga mkoba nikaenda stendi. Basi la Mamba lilikuwa pale, kondakta ananiita kwa jina, "Fundi, panda." Sikupanda.

Umeuliza kwa nini. Nitakwambia, na ni jambo dogo mpaka naona haya kuliandika. Unakumbuka likizo ya mwaka 1979, nilishika jembe asubuhi nikaingia shambani, ukanijia ukaniambia, "Wewe kaa tu Baba Eliakunda, wewe ni mgeni, utakata miche." Hukusema kwa ubaya. Ulinitolea kigoda. Nilikaa kwenye kigoda kile wiki tatu nikitazama kila kitu kinakwenda. Maji yana siku yake, kuku wana saa yao, watu wanakuja kukuuliza wewe, wananisalimia mimi na kupita. Uwanjani tuna msemo, mtu hana namba. Maana yake yumo kwenye timu, jezi amepewa, jina limeandikwa, lakini hakuna nafasi anayocheza. Nyumbani kwangu sina namba, Hedwiga. Huku wazee wenzangu walinipa tatu, na nikaing'ang'ania kama mtoto anavyong'ang'ania titi. Ya korona nilidanganya kwa sababu nilitaka ubaki mke wa fundi, usiwe mke wa mziba pancha.

Hasira yako umesema ilikuwa inakutosha kama mtu wa kukaa naye. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko Biblia. Mimi hata hasira sikuwa nayo. Nilikuwa na Jumapili tu, na sasa wamezichukua.

Nitakuja. Safari hii hakuna meneja.

Sifael


Mamba,
19 Julai 1987

Sifael,

Barua ya Novatus ilisomwa mbele ya usharika. Mke wa Lukasi alizirai, watu wakapiga vigelegele, wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilitoka nikaenda jikoni. Sikujua niweke uso gani.

Kuna jambo sikumwandikia Novatus kwa haya. Kaburi lilikaa wazi siku nane. Wazee wakasema shimo lililochimbwa kwa jina la mtu haliachwi hivi hivi, litajitafutia mtu. Wakakata mgomba, wakauvisha shati lako la likizo, wakauzika. Mwinjilisti Daudi alikataa kuombea mgomba, akasimama mbali kofia mkononi, lakini nilimwona midomo inacheza. Juu wameweka msalaba wenye jina lako. Mpaka leo upo, maana hakuna anayejua kanuni ya kuung'oa.

Kuhusu kigoda. Mwaka ule ulikuja umekonda, unakohoa vumbi la mkonge mpaka damu, nami nilitaka ulale mpaka jua lichomoze, mara moja katika maisha yako. Ndiyo maana nikasema kaa. Neno mgeni lilinitoka tu. Ungeniuliza jioni ile ile tungemaliza. Tumeandikiana barua kujaza debe, na hatujaambiana kitu.

Sasa nikwambie la kwangu. Kilio chako nimeshakilia chote. Siku utakapokufa kweli sijui machozi nitayatoa wapi. Nimeona wanaume wengi wa tambarare wakipandishwa hapa ndani ya sanduku, wake zao wanapokea mtu ambaye hawamjui hata anapenda chai ya namna gani. Mimi wa kwangu nimeshampokea. Kwa hiyo ukija usije kufa. Njoo uishi, ushike jembe vibaya, ukate miche, nikugombeze, unijibu. Kama unatafuta pa kuzikwa tu, pale pako pamejaa.

Hedwiga


Same,
3 Agosti 1987

Hedwiga,

Nilikuja. Juzi, Jumamosi.

Niliteremka kabla ya kanisa ili watu wasione mzimu. Hata hivyo mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni aliniona, akautupa akakimbia na yowe. Nikaacha njia nikapita migombani. Nimepata taabu na goti, lakini nimefika.

Niliuona msalaba. Lukasi amekosea jina langu, ameweka herufi mbili zisizohitajika. Niliinama kuzifuta kwa kidole, rangi ilikuwa imeshakauka.

Halafu nikakuona. Ulikuwa uani unachambua tangawizi, umenipa mgongo, kuku wamekuzunguka. Ulisema nao kitu, ukacheka. Sijakusikia ukicheka vile tangu Eliakunda alipokuwa mdogo. Nilisimama nyuma ya mgomba nikaona kila kitu kiko mahali pake, ungo, ndoo, jembe, wewe. Nikatafuta kwa macho pale ambapo ningesimama mimi. Sikupaona. Nikageuka, nikaliwahi basi linaloshuka.

Uwanjani nimewakabili watu wenye mbio kuliko mimi na sikurudi nyuma hata siku moja. Hatua thelathini za uani kwangu zimenishinda. Naona yule mliyemzika ana haki na pale kuliko mimi, yeye angalau amekaa.

Nisamehe.

Sifael


Mamba,
12 Agosti 1987

Sifael,

Nilikuona.

Yule mama wa kuni alifika kwangu kabla yako, anahema, kwa hiyo nilijua. Nilimrudisha kwake na kumwomba asiseme. Nikatoa ungo nikakaa uani nikiwa nimekupa mgongo makusudi, maana niliogopa ukiuona uso wangu utakimbia. Unadhani nilikuwa nacheka na kuku? Nilikuwa nacheka ili nisikulilie. Tangawizi nzuri niliitupa kwenye mbovu, na mbovu nikaiweka kwenye nzuri, jioni ikabidi nichambue upya gunia zima.

Nilisikia mguu wako unavyoburuta majani. Moyo wangu ulikuwa unasema geuka, mwite. Nikaukatalia. Nimekuita miaka ishirini na minane, kwa barua, kwa jogoo, kwa maombi. Nilisema hizo hatua thelathini atatembea yeye. Nikasubiri. Kisha nikasikia mguu unaburuta kwenda upande mwingine, na nilipogeuka nilikuta migomba imesimama. Nimejuta tangu saa ile. Ningekuita, Sifael. Naungama kwamba kiburi changu na woga wako vina umri mmoja.

Sitaandika tena baada ya hii. Si hasira. Nimechoka kuwa na mume wa karatasi.

Usije kama mwenye nyumba, mwenye nyumba tumemzika, na wala usije kwa kupita migombani. Pita njia kuu mchana, watu wakuone, wapige kelele zao zikaishe. Ufike mlangoni upige hodi. Nitakuuliza jina lako nani. Nitakuuliza unatoka wapi na unajua kazi gani. Nijibu kweli, hata kama ni kuziba pancha. Sina mtu, mvua za vuli zinakuja, na kuna shamba la juu ambalo halijaguswa, halina jembe la mtu wala desturi ya mtu.

Nitakukaribisha ndani. Halafu tutaona.

Hedwiga